Ngoma Haiendi Iringa Peke Yake

Jumapili, 9 Februari 2025

Optatus, huna adabu. Nakuandika hapa kwa sababu pale uwanjani ulinipa mgongo kabla sijamaliza kusema. Mwenyekiti wa tawi la mashabiki, mtu mzima mwenye duka la mbolea, unamwambia mwanamke wa miaka sabini na moja, "Bibi, safari hii wewe pumzika, utasikiliza redioni." Nani kakwambia nimechoka? Nilikuja kwako kuomba kitanda?

Eti Mbeya mwaka jana basi lilisimama mara nne kwa ajili yangu. Lilisimama, ndiyo. Na wewe ulishuka mara zote nne, nilikuona nyuma ya mti.

Leo Chandamali Stars yetu sare, bao moja kwa moja. Bao la kichwa, kipa wetu ametulia kama anasubiri komunyo. Sasa kilichobaki ni Iringa, Jumapili ya tarehe 23, sisi na Gangilonga. Tukifungwa kule, mambo ya kupanda daraja tuyasahau. Watu wote wanasema ni mechi ya mwaka. Kwangu mimi ni ya mwaka kwa jambo jingine. Iringa yuko Suzana.

Optatus akamalizia hivi: ngoma wataifuata. Ngoma ya tawi iko kwangu, chini ya kitanda. Marehemu mume wangu Selestine aliiwamba mwenyewe, ngozi ya mbuzi, kwa ajili ya kucheza lizombe yetu ya Kingoni, kabla haijaanza kwenda mpirani. Nikamwambia ngoma haiendi Iringa peke yake. Haijui njia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimechemsha chai, nimemimina vikombe viwili. Cha pili nimekirudisha kwenye birika. Miaka minane tangu Selestine aondoke na mkono bado haujasikia.

Jumanne, 11 Februari

Violet amepiga simu asubuhi. Violet ni binti wa Suzana, yule wa mwisho, anayeishi naye. Shikamoo mama mkubwa, marahaba, halafu sauti ya chini. Mama anaumwa sana, amelazwa tangu Ijumaa, anakutaja, anasema uje.

Nimecheka mpaka kikohozi.

Nikamjibu: "Mwambie asife kabla ya tarehe ishirini na tatu. Akifa kabla ya hapo amekimbia mechi."

 Violet naye akacheka kidogo. Akasema nitamwambia, mama mkubwa.

Suzana ananifanyia hivi kila mwaka. Kila Chandamali inapokwenda kwao au wao wanapokuja kwetu, lazima mmoja wetu afe. Mwaka juzi nilikufa mimi. Mwaka jana alikufa yeye, eti amekabwa na mfupa wa mbwa, mazishi ni saa kumi uwanjani, nije na jeneza langu. Watu wasiojua wanashangaa. Sisi Wangoni na Wahehe mababu zetu walipigana mpaka wakachoka. Walipochoka wakaona bora watukanane. Ndiyo utani wenyewe. Tunatukanana kwa heshima.

Niandike nilivyompata, maana kichwa sasa kinavuja. Mwaka 1998, Iringa. Mwanamke mnene, jezi nyekundu ya Gangilonga imembana kama gunia la karanga, akanijia jukwaani akaninyang'anya ngoma. Akaikalia. Akasema, "Wewe mla panya, hii ngoma mliiba kwetu." Kipindi kizima cha kwanza amekaa juu yake. Mapumziko akanyanyuka, akanipa ulanzi, pombe yao ya mianzi, kwenye kikopo cha maziwa, akaniuliza kama nina watoto.

Hajawahi kuniita Benigna hata siku moja. Mimi ni Mla Panya. Yeye ni Mchuzi wa Mbwa. Wengine wote wananiita Bibi na kuniambia nipumzike.

Alhamisi, 13 Februari

Optatus kaja mwenyewe na pikipiki. Shikamoo Bibi. Marahaba, umefuata nini?

"Ngoma, Bibi. Tunataka kuikaza ngozi."

"Ngozi hii naikaza mimi, kwa moto wa mabua, tangu wewe unanyonya."

"Basi tutaipitia Jumamosi ya safari, alfajiri."

"Utaipitia mimi nikiwa nimeikalia."

Kacheka. Anacheka vizuri, ndiyo ubaya wake. Kasema orodha ya basi imejaa, majina yapo kwenye grupu la WhatsApp, hawezi kumtoa mtu.

Grupu. Simu yangu ni kitochi, haina grupu. Watu wanakutana humo ndani, wanapanga safari, wanachekeshana, wanaandikana majina, na mimi niko nje kama kuku aliyefungiwa mlango mvua inanyesha. Zamani tulipangia safari chini ya paa la kanisa baada ya misa, kila mtu anasikia.

Nimempa chai hata hivyo. Kanywa, kaondoka bila ngoma.

Alipoondoka nikaitoa, nikaifuta vumbi. Nikamkumbuka Selestine, na nikimkumbuka Selestine lazima nimkumbuke Suzana siku ya msiba.

Siku ile mimi sikulia. Nilikaa mkekani kama gogo. Mwanangu Tadei alikuwa halii wala hali. Watu wa jumuiya waliimba mpaka wakakauka. Suzana akashuka na basi la Iringa, hakunipa pole, hakunitazama. Akapita moja kwa moja chumbani. Akatoka amevaa koti la Selestine na kofia ya Selestine, anachechemea mguu wa kushoto vilevile, akaketi kwenye kiti chake, akasema kwa sauti ileile ya puani, "Benigna, chai imepoa."

Ndiyo, niliandika hajawahi kuniita Benigna. Siku ile hakuwa yeye.

Uwanja wote ukacheka. Nikacheka na mimi, na katikati ya kicheko machozi yakapata njia. Halafu akaenda kulala juu ya udongo wa kaburi, akasema Mngoni huyu haingii humu mpaka mtani apewe jogoo. Tadei akakimbia kukamata jogoo. Akala baada ya hapo, sahani nzima.

Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Wa nyumbani wanalia, mtani anamvaa marehemu. Anamleta mara ya mwisho watu wamwone, kisha anamwachia aende. Nyumba isiyo na mtani marehemu anabaki anazungukazunguka vyumbani, anatafuta sufuria.

Jumamosi, 15 Februari

Jumuiya asubuhi. Tumesali kwa Imaculata. Wanawake wanashona tena vitenge vya Pentekoste, vyekundu. Wakaniuliza kipimo. Nikawaambia jibu langu wanalijua. Miaka mitatu iliyopita Padri aliniita kwa jambo hilihili, nikamwambia, Padri, Roho Mtakatifu ananifahamu, mimi ni wa kijani. Nyekundu ni ya Gangilonga. Sijawahi kuiweka mwilini tangu 1998 na sitaiweka. Hata mwavuli aliouleta Tadei nilimrudishia kwa sababu ya rangi.

Nimepima miguu. Nyumbani mpaka kanisani na kurudi, bila kusimama. Nilisimama mara moja tu, kwa ajili ya mbwa wa watu, si miguu.

Mchana nimefunga zawadi ya Suzana. Mbasa, samaki wa Nyasa, wakavu, saba, ndani ya gazeti. Juu nimeandika PANYA kwa herufi kubwa kama kila mwaka. Yeye ataleta ulanzi. Mwezi huu mianzi kwao inatiririka. Atasema ni maji aliyoogea.

Jioni nikampigia nimtukane kidogo. Namba haipatikani. Amezima. Mjanja huyu, anataka niingiwe na hofu nisilale.

Nitalala. Nimekaza kitasa, nimesali, nalala.

Jumatatu, 17 Februari

Leo Mchuzi wa Mbwa kajizidi mwenyewe.

Ujumbe umeingia saa nne, nilikuwa napalilia maharage. Macho yangu na herufi za kitochi havipatani, nikaenda kwa Mwanaheri, jirani yangu fundi cherehani. Akasimamisha cherehani, akasoma: "Mama mkubwa, mama ametutoka leo saa kumi na mbili asubuhi. Alikuulizia mpaka mwisho. Violet."

Mwanaheri akasema inna lillahi, akaweka mkono kifuani.

Mimi nikacheka. Nikamwambia wewe ni mtu wa Namasakata, si Mngoni wala Mhehe, hivi vyetu unavisikia tu, hujavila. Huyu anakufa kila mwaka kabla ya mechi. Kaa uandike, mimi nasema.

Nikasema aandike hivi: "Poleni mbwa wa Iringa, sasa mtapumua, aliyewamaliza amekufa. Msimzike mpaka nije mwenyewe Jumapili. Mkimzika bila mimi nitamfukua, nimkalishe langoni ahesabu mabao."

Mwanaheri akaniangalia. "Bibi, nitume kweli?"

"Tuma."

"Bibi, na kama..."

"Mwanaheri, hujawahi kuona watu wakipendana?"

Akatuma. Hatujamaliza hata kikombe cha chai jibu likarudi. "Sawa mama mkubwa. Tumewaambia wazee. Tutakusubiri Jumapili."

Nikasema unaona? Unaona anavyocheza vizuri? Mpaka wazee amewaingiza.

Mwanaheri akarudi kwenye cherehani. Hakucheka. Watu wa siku hizi hawana mbavu.

Jumatano, 19 Februari

Siku mbili. Suzana hajajibu tusi langu.

Hajawahi kuacha tusi likalala. Hata mwaka ule alipong'olewa meno alimtuma Violet anitukane kwa niaba yake.

Labda salio limeisha.

Mvua tangu mchana. Sijaenda popote. Hakuna aliyekuja.

Alhamisi, 20 Februari

Nimempigia Violet mwenyewe. Saa tatu asubuhi.

Kapokea. Nyuma yake nikasikia wanawake wanaimba. Wengi. Wimbo wa kanisani, wanauvuta polepole. Nikasema moyoni Suzana umekodi na kwaya sasa.

Nikamwambia mpe simu huyo mama yako aache upuuzi, mbasa wananikaukia.

Violet akasema, "Mama mkubwa, mama yuko mochwari."



Sisi tunataja yote. Kufa, kuoza, fisi, kaburi, funza. Miaka ishirini na saba tumezikana kila namna. Mochwari hatujawahi kutaja. Hatukukubaliana, ila hakuna aliyeitaja. Selestine alilala mochwari siku tatu na Suzana anajua nilivyokuwa.

Violet akaendelea kama mtu anayesoma barua. Wazee wa ukoo walitaka kuzika jana, Jumatano. Akawaonyesha ujumbe wangu. Wakasema mtani ameshasema Jumapili, basi ni Jumapili, huwezi kumzika mtu mtani wake ameweka zuio. Kwa hiyo ni Jumapili saa nane mchana, nyumbani. Wananisubiri mimi.

"Mama alisema Mngoni wake asipomvaa atafufuka amchape," akasema. "Alisema hivyo Jumapili jioni. Ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri."

Nikamuuliza, siku ile ya Jumanne uliponipigia, ulimwambia nilichokujibu? Kwamba asife kabla ya mechi?

"Nilimwambia. Alicheka, mama mkubwa. Akasema atajitahidi."



Ijumaa, 21 Februari

Sijalia. Nimeamka nimefagia uwanja, nimepika ugali, nimeutazama.

Aliniita. Hilo ndilo linalonikaa kooni. Jumanne aliniita kwa mdomo wa mwanawe, basi la asubuhi lipo kila siku, ningeshuka Iringa jioni ileile nikamkuta anapumua. Angenitukana. Ningemtukana. Nilikaa hapa nikapalilia maharage siku sita, nacheka peke yangu.

Mabasi ya kawaida ya leo yameondoka tangu alfajiri. Ya kesho nimeuliza stendi kwa mguu wangu mwenyewe, yamejaa, wote wanaokwenda ni mashabiki waliokosa nafasi kwenye basi la tawi. Linalobaki ni hilohilo la tawi.

Nimekwenda dukani kwa Optatus. Nimesimama mbele ya kaunta kama mteja. Nikamwambia, Optatus, Suzana amekufa, nazika Jumapili, nipe kiti.

Akaweka kalamu. Akanitazama. Akaanza kucheka.

"Bibi, Bibi. Mwaka juzi ulikufa wewe. Umesahau? Tulikuja kwako tawi zima, na turubai, na kinamama wanalia tangu barabarani, ukatufungulia mlango unakula ndizi."

Waliokuwa dukani nao wakacheka. Mmoja akasema mpe kiti Bibi, Suzana asije akafa mara mbili.

Nikasema safari hii ni kweli.

"Hata mwaka juzi Violet alitupigia akasema umekufa kweli." Halafu akapunguza sauti, kwa wema, na huo wema ndio ulionichoma: "Bibi yangu, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ungesema tu unataka kwenda mechi. Lakini miguu yako siwezi kuibeba mimi. Likitokea la kutokea, Tadei ataniuliza mimi."

Ningeweza kumpigia Violet palepale amsikie. Sikumpigia. Mimi si mtu wa kupiga magoti kwenye duka la mbolea nikiwa na shahidi wa simu. Nikamwambia mbolea yako ina mchanga, nikaondoka.

Njiani nikajuta. Kiburi changu kimemfanya Suzana asubiri tena.

Tadei kapiga jioni kutoka Dodoma. Ana haraka, yuko ofisini bado. Nikamwambia. Yeye kaamini, maana alimpenda Suzana kwa ajili ya yule jogoo. Lakini naye: Mama usisafiri, miguu, njoo ukae huku kwangu, kuna chumba. Kila nikisema jambo yeye anajibu chumba.

Nimekaa kwenye kiti cha Selestine. Ndipo likanijia. Nimvae nini?

Suzana hakuwa na koti. Suzana hakuwa na kofia. Miaka ishirini na saba nimemwona na vazi moja tu, jezi ileile nyekundu, namba tisa mgongoni, imepauka kwapani, ina doa la ulanzi tumboni. Kuna siku alikuja nayo mpaka kwenye harusi ya Violet, ndani ya gauni, ikachungulia shingoni.

Mtani akimvaa marehemu anamvaa kwa nguo anayojulikana nayo. Hakuna njia nyingine. Nikivaa kitenge chake watu watasema huyu ni nani.

Kwa hiyo mimi, Benigna, niliyemkatalia Padri, nitasimama Iringa nimevaa jezi ya Gangilonga siku ya mechi ya Chandamali. Nitembee kama bata, mikono kiunoni. Niketi juu ya ngoma ya mume wangu nipige kelele, "Mliiba kwetu." Na watu wetu wa kijani wakipita wataniona.

Nimejaribu sauti yake hapa chumbani. Mara ya kwanza haikutoka. Mara ya pili ikatoka, ileile, nzito kama mtu anasukuma pipa. Nikasema kwa sauti hiyo, Mla Panya, unachelewa.

Nikaogopa. Halafu sikuogopa.

Jambo moja linanisumbua, niliandike lipite. Suzana alinivalia Selestine. Mimi namvaa Suzana. Mimi nikifa nani atanivaa? Nani anajua ninavyotembea?

Basi. Nimekaza ngozi ya ngoma kwenye moto. Inalia vizuri.

Jumamosi, 22 Februari

Ndani ya basi. Naandikia juu ya ngoma.

Nilifika hapa tawini saa kumi na moja alfajiri, ukungu wa mlima Matogoro umeshuka mpaka barabarani. Nimebeba ngoma mgongoni kwa kanga kama mtoto, na kikapu cha mbasa mkononi. Njia yote sikusimama. Dereva Jumanne alikuwa peke yake anafuta kioo. Kanitazama na ngoma yangu.

"Bibi, jina lako halipo."

"Jumanne, nilimpikia mama yako uji alipokuzaa. Fungua mlango."

Kafungua. Nimeketi nyuma yake, dirishani, kiti changu cha miaka yote. Ngoma mapajani.

Wamekuja wengine kwa makundi, kijani mtindo mmoja, wanaimba. Waliponiona wimbo ukapungua. Aliyepangiwa kiti hicho kaja, mwalimu mmoja mgeni wa Songea hapa, ana karatasi, kaangalia namba, kaniangalia mimi, kasimama pembeni. Mstaarabu. 

Optatus kaingia wa mwisho. "Bibi, tafadhali shuka. Usinifanye nikushushe mbele ya watu."

Nikamwambia nishushe.

Hakunigusa. Kasimama anajikuna shingo. Nyuma mtu kapiga kelele, "Bibi kafa tena?" wakacheka. Nikasubiri wamalize. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya jana. Nikatoa kitochi, nikampa. Nikamwambia piga namba ya kwanza, hiyo ya Violet. Umuulize wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na sauti uiweke kubwa.

Amepiga. Ninaandika huku anaongea ili nisimtazame usoni.

Habari za asubuhi dada. Mimi ni mwenyekiti wa tawi la Chandamali Songea, niko na Bibi Benigna hapa. Samahani. Anasema...

Hakumaliza. Simu yangu ina sauti ndogo hata ikiwekwa kubwa, lakini basi limenyamaza, na wimbo unasikika. Wanawake walewale, wanavuta polepole. Wameimba tangu Jumatatu.

Optatus amevua kofia ya kijani.

Anasikiliza. Anasema ndiyo dada. Anasema sikujua. Anasema saa nane? Sisi mechi ni saa kumi. Ananiangalia. Violet anamwambia jambo refu na yeye anaitikia kwa kichwa kama Violet anamwona. Nyuma hakuna anayecheka. Mtu mmoja ameficha vuvuzela yake ndani ya koti.

Hajasema kama basi litapita msibani. Hajasema kama ninakaa au ninashuka. Jumanne amewasha injini bila kuambiwa, labda ni kwa ajili ya baridi.

Optatus ananirudishia simu.  "Anataka kuongea na wewe, Mama," anasema. Mama, si Bibi.

Violet ananiambia shangazi zake wanasafisha nyumba, wanafua vitu vyote vya marehemu leo kabla ya wageni, jezi imo kwenye beseni, bado haijamwagiwa maji, ina harufu yake na lile doa, afanyeje.

Violet, sikiliza. Itoe kwenye beseni. Asiifue mtu. Itundike mlangoni vilevile na doa lake, naivaa mimi.